Kuzuia Ulevi ni Kazi ya Kusomea

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Mwandoya unajua mambo yanavyokuwa baada ya pamba kuuzwa. Mzee amepima pamba yake na amepokea fedha zake. Akiwa njiani kurudi nyumbani anapita kilabuni. Anasema atakaa kidogo tu. Siku ya tatu mama watoto anauliza fedha za sare na madaftari, na fedha hazipo. Watoto wako hapo hapo uani, wanasikia. Mmoja wao ana miaka 14. Msimu ujao naye ataonja, kwa sababu karibu kila mwanamume anayemfahamu anakunywa.

Mambo haya hukemewa sana. Padri anakemea, shehe anakemea, mwalimu anakemea. Mtendaji wa kijiji anakemea katika mkutano, na baadhi ya wanaomsikiliza wamekuja mkutanoni wakinuka pombe. Kila mtu anakemea na kilabu kinajaa.

Leo hatutaki kukemea. Tunataka kukueleza habari ya kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Ni kazi ya kuzuia watu wasianze kutumia vilevi na dawa za kulevya, na kuwazuia walioanza wasizidi. Kazi hii ina mafunzo yake, ina mtihani wake, na ina cheti chake. Huenda kijana wako aliyemaliza kidato cha nne ndiye atakayeifanya. Huenda ni wewe mwenyewe.

Usidhani ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa duniani kwa sababu ya pombe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika Mkoa mzima wa Simiyu. Kwa hiyo waliokufa kwa pombe katika mwaka ule mmoja ni wengi kuliko sisi wote wa Simiyu, wakubwa kwa wadogo.

WATU WATATU

Katika vita hii wako watu wa aina tatu, na mara nyingi tunawachanganya.

Wa kwanza ni anayekamata. Huyu ni polisi. Katika vijiji vyetu wako pia sungusungu, jeshi la jadi lililoanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria zipo. Kutengeneza gongo bila leseni kulikatazwa kwa sheria ya mwaka 1966. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa upande wa bhangi na dawa nyingine za kulevya iko sheria ya mwaka 2015. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mwenye habari anaweza kuipigia Mamlaka simu bila malipo, namba 119.

Wa pili ni anayetibu. Yeye humpokea mtu ambaye tayari amekuwa mraibu, yaani mtu ambaye mwili wake umezoea kilevi hata hawezi kukaa bila hicho. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa iitwayo methadoni, na baadaye huduma hiyo ilifika katika hospitali nyingine.

Wa tatu ni anayezuia. Huyu anakuja kabla ya wale wawili. Wewe ni mfugaji, utanielewa upesi. Hungoji ng'ombe augue ndigana ndipo umpeleke joshoni. Unamwogesha akiwa mzima, kwa siku zilizopangwa, na dawa ya kuogeshea inachanganywa na mtu anayejua vipimo. Ikiwa nyepesi mno, kupe hawafi. Ikiwa kali mno, ng'ombe anadhurika. Na kuzuia ulevi nako kuna vipimo vyake.

NIA NJEMA PEKE YAKE

Mwaka 1983 polisi wa mji wa Los Angeles, Marekani, walianza kuingia madarasani kuwafundisha watoto ubaya wa dawa za kulevya. Mpango huo ulijulikana kwa jina la DARE. Ulienea nchi nzima na wazazi waliupenda sana. Baadaye wataalamu waliwalinganisha watoto waliofundishwa na wale ambao hawakufundishwa. Hawakuona tofauti ya maana. Fedha nyingi zilitumika, na nia ilikuwa njema.

Jambo linalofanana na hilo lilionekana jirani yetu Mwanza. Kuanzia mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzake waliendesha mpango wa MEMA kwa Vijana katika vijiji vya mkoa huo. Mpango ule ulihusu UKIMWI, haukuhusu pombe, lakini somo lake linatufaa. Vijana walifundishwa shuleni. Walipopimwa miaka ya baadaye walikuwa wanajua mengi kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Lakini maambukizo ya virusi hayakuwa yamepungua kwao. Walijua, ila mambo mengine yaliyowazunguka yalibaki vile vile: umaskini, marafiki, desturi za nyumbani.

Sasa wazee mkumbuke mwaka 1973. Mwaka ule ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitangaza vipindi, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini kusikiliza. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Kwa nini kampeni hiyo ilifanikiwa? Watu husema ni redio. Redio ilisaidia, lakini redio haichimbi choo. Kabla ya vipindi kuanza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kazi yao. Kila juma kikundi kilisikiliza, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikakubaliana kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mwanakijiji aliyefundishwa namna ya kuongoza mazungumzo hadi yafike kwenye vitendo.

Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemhitaji katika habari ya ulevi.

ANAFANYA NINI?

Kazi yake ya kwanza ni kuuliza na kuhesabu. Hahubiri kwanza. Anataka kujua: Watoto wa hapa huonja pombe wakiwa na umri gani? Wanaipata wapi? Ni nyumbani, harusini, kilabuni au machungani? Nani huwauzia? Saa ngapi? Ni miezi gani ulevi huzidi? Kijiji kimoja kitakuta tatizo ni bhangi kwa vijana wa bodaboda. Kingine kitakuta ni watoto wanaotumwa kununua pombe ya baba na kuionja njiani. Dawa ya tatizo la kwanza haitibu la pili.

Tuseme amegundua kwamba pombe nyingi inapikwa na akina mama watano. Mtu asiyefundishwa atataka mitungi ivunjwe. Aliyefundishwa atauliza kwanza kwa nini wanapika. Mama mmoja atamwambia kwamba mume alikufa, na mitungi hiyo ndiyo inayomnunulia mwanawe viatu vya shule. Ukivunja mitungi bila kutafuta njia nyingine, mama atapika usiku, na mtoto huenda akaacha shule. Mtoto aliyeacha shule yuko karibu zaidi na ulevi kuliko yule aliye darasani. Basi mtaalamu atakaa na mama huyo, na afisa maendeleo ya jamii, na kikundi cha kuweka na kukopa, watafute biashara nyingine. Kazi hii ni ya polepole. Haipigiwi makofi mkutanoni.

Halafu anakaa na wazazi. Wazazi wengi hudhani kazi yao katika jambo hili ni fimbo. Yeye huwafundisha mambo mengine: kujua mtoto yuko wapi jioni na yuko na nani, kuweka kanuni chache zinazoeleweka, kumsifu anapozifuata, na kula naye na kuzungumza naye. Huwaambia pia wasimtume mtoto pombe. Wako hata wanaompa mtoto mchanga pombe kidogo ili alale. Hiyo ni kumdhuru. Mama mjamzito naye anapokunywa, mtoto aliye tumboni anakunywa.

Katika nchi ya Aisilandi, kaskazini ya Ulaya, mwaka 1998 vijana 42 kati ya kila 100 wenye miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 walikuwa 5 tu. Walifanyaje? Kila mara waliwauliza wanafunzi, wakahesabu, wakawapa wazazi majibu. Wazazi wakakubaliana saa ya watoto kuwa nyumbani. Michezo iliongezwa na kupewa walimu wa kweli. Ni nchi tajiri, na baridi yake sisi hatuiwezi. Hata hivyo wazazi wa kitongoji kimoja cha Mwandoya kukubaliana kwamba saa 1 jioni kila mtoto awe nyumbani, jambo hilo halihitaji fedha za Ulaya.

Shuleni mtaalamu hawatishi watoto. Anawapa mazoezi. Mtoto mmoja anasimama na kusema, "Onja, wewe siyo mtoto tena." Mwenzake anajibu. Darasa linasikiliza, kisha linasema jibu lipi lina nguvu na lipi litamfanya achekwe. Wanarudia mpaka ulimi uzoee. Ni kama kujifunza kuandika: hukujua kuandika kwa kumtazama mwalimu, ulijua kwa kushika kalamu.

Kuna mambo ambayo hafanyi. Haleti jani la bhangi darasani ili watoto waone lilivyo, maana anayeona hutaka kujua zaidi. Tena, hapa wengi watashangaa. Tumezoea kumwita mtu aliyewahi kuwa mraibu aje shuleni kusimulia jinsi alivyoharibikiwa. Umoja wa Mataifa ulikusanya tafiti za nchi nyingi ukatoa viwango vya kazi hii mwaka 2013, na ukavitoa tena vikiwa vimeongezwa mwaka 2018. Viwango hivyo vinaonyesha kwamba masimulizi hayo peke yake hayajaleta faida, na pengine hudhuru. Mtoto husikia kwamba mtu alivuta, akaanguka, kisha akapona na sasa anashangiliwa. Mtu huyo anaweza kusaidia sana mahali pengine, hasa kwa waraibu wenzake wanaotaka kuacha.

Wenye vilabu nao hawaachwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto pombe au sigara, na mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Mtaalamu huwaita wauzaji, anawasomea sheria, na serikali ya kijiji inakubaliana nao. Anayevunja makubaliano anajulikana.

Jambo la mwisho ni siri. Mtu akikueleza kwamba mwanawe anavuta bhangi, habari hiyo haiendi kisimani wala mnadani. Ukiitoa mara moja, hakuna atakayekueleza tena.

HATARI USIYOIJUA

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara mbili.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi akiachishwa pombe ghafula anaweza kufa. Watu wema wamemfungia ndani ili apone. Siku ya kwanza anatetemeka mikono, anatoka jasho, hawezi kulala. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kupata degedege kama ya kifafa. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Watu husema amerogwa, au pepo wa pombe wanamtoka. Kumbe ni ugonjwa, na dawa yake ipo hospitalini.

Ukiona dalili hizo usimfunge kamba wala usimpeleke kwingine. Mpeleke kituo cha afya haraka. Mwambie mganga ukweli: alikuwa anakunywa nini, kiasi gani, na amekaa muda gani bila kunywa. Mtu kama huyo akitaka kuacha, aanze kwa kumwona mganga.

Hii ndiyo sababu moja kubwa ya kusema kazi hii isomewe. Asiyesoma anaweza kuua huku akidhani anaokoa.

MAFUNZO YENYEWE

Katika nchi nyingine kazi ya kuzuia imekuwa fani kamili. Marekani liko shirika liitwalo IC&RC, lililoanza mwaka 1981, ambalo huweka kiwango cha vyeti. Anayetaka cheti cha mtaalamu wa kuzuia anatakiwa awe amesoma saa 120 darasani. Awe amefanya kazi hiyo kwa saa 2,000, na saa 120 awe amesimamiwa na mkubwa wake. Halafu anafanya mtihani. Hebu tupige hesabu. Ukifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, saa 2,000 ni majuma 50. Ni karibu mwaka mzima wa kazi. Darasa ni siku 15 tu. Tazama jinsi kazi yenyewe ilivyopewa uzito kuliko kukaa darasani. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: semina ya siku mbili, soda, cheti, picha, basi.

Uko pia Mpango wa Colombo, ushirikiano wa nchi ulioanzia Asia mwanzoni mwa miaka ya 1950 na wenye makao Sri Lanka. Umetayarisha mtaala wa kutibu waraibu na mtaala wa kuzuia, na wataalamu wa nchi nyingi za Afrika wamefundishwa kwa mitaala hiyo. Yako mitihani ya kimataifa kwa waliosoma na kufanya kazi. Majirani zetu wa Kenya huitumia kupitia mamlaka yao iitwayo NACADA.

Lakini kijana wa Mwandoya haanzii Colombo. Hapa nchini njia ya kawaida ni kusomea kwanza fani kubwa, kama vile maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, uuguzi au ualimu. Ukishakuwa kazini ndipo unapata mafunzo ya ziada ya kuzuia. Kwa upande wa kanda yetu viko vyuo vya maendeleo ya jamii Misungwi, mkoani Mwanza, na Buhare, mkoani Mara. Dar es Salaam iko Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa kawaida anayeingia ngazi ya cheti awe amefaulu masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Cheti cha kwanza huchukua mwaka mmoja. Ukiendelea miaka miwili zaidi unapata stashahada.

Je, aliyeishia darasa la saba? Asikate tamaa. Anaweza kusoma elimu ya sekondari nje ya shule kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne. Na Malampaka, wilayani Maswa, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya namna hiyo vilianza nchini mwaka 1975 kwa ajili ya watu kama sisi. Huko hatapata cheti cha kuzuia ulevi, lakini anaweza kupata ufundi na elimu ya kumwinua hatua moja.

Iko pia njia iliyo karibu zaidi na kijiji. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni kufundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mafunzo yao ni ya miezi 6. Mhudumu huyu anaingia nyumba kwa nyumba kwa habari ya uzazi, lishe na malaria. Kwa maoni yetu hakuna mtu aliye mahali pazuri kumliko kwa kazi ya kuzuia ulevi, maana anaona yaliyomo ndani ya nyumba kabla ya polisi na kabla ya mganga. Kama kitongoji chako kina mhudumu, mwulize amefundishwa nini juu ya pombe. Kama nafasi zikitangazwa, msichague mtoto wa mkubwa. Chagueni mtu anayetunza siri.

Jihadhari pia na matapeli. Wako watu wanaouza vyeti vya mafunzo mafupi ambavyo havitambuliwi popote. Kabla ya kulipa ada uliza kama chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kwa kifupi NACTVET. Asiyetaka kukuonyesha usajili wake, mwache na karatasi zake.

WAPI PA KUULIZIA

Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye anajua vyuo na anajua wakati wa kupeleka maombi. Kwa mambo ya familia yenye matatizo ya ulevi, yuko afisa ustawi wa jamii katika halmashauri ya wilaya yetu ya Meatu, pale Mwanhuzi. Ukienda, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya cheti cha kidato cha nne. Kama jina lililo kwenye cheti kimoja ni tofauti na lililo kwenye kingine, lisawazishe mapema. Vijana wengi hukwama hapo.

Maombi ya vyuo hutangazwa kila mwaka baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Ada nayo ipangwe mapema. Fedha za pamba zikiingia, toa ada kwanza, uiweke kwenye akaunti au kwenye kikundi chenu, kabla hujapita njia ile ya kilabuni.